BIASHARA YA TIBA SI FITINA, EWE BABA



Ndugu yangu wa Mwika, mkeo akishikwa na uchungu unamshusha mbio hadi KCMC, na mlangoni unasema: "Naomba daktari wa kike." Haki yako. Lakini binti yako amefaulu sayansi kidato cha nne, umemwambia yatosha. Huyo daktari ulitaka asomeshwe na baba yupi?

Utasema masomo yatamvua hijabu. Mtazame Hayat Sindi, mzaliwa wa Makka. Alipata shahada ya uzamivu ya bioteknolojia Cambridge, hijabu yake kichwani. Wala hakuishia maabara. Mwaka 2008 yeye na wenzake walipeleka mpango wa biashara kwenye mashindano ya Harvard na ya MIT, wakashinda kote kuwili: kipimo cha ini cha karatasi, kidogo kama stempu, tone la damu tu, kwa zahanati zisizo na maabara. Zahanati kama zetu hizi! Bila mtu anayejua mtaji na bei, kipimo kama hicho hubaki kwenye droo ya profesa.

"Mwanamke na biashara wapi na wapi?" Subhanallah! Misafara ya Mama Khadija (r.a.) ilifika Sham. Na sokoni Mwika nani wanabeba mikungu ya ndizi kichwani? Hiyo hujaiita fitina. Imekuwa fitina biashara ilipotaka shahada.

Kaka yake, aliyefaulu kwa taabu, ulimuuzia ng'ombe akaenda chuo. Ng'ombe wa pili yuko bandani, na majani anayokula anayakata binti huyohuyo.