Uongozi wa afya hufunzwa zamuni, si hotelini

Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda bara, mtu aliyetangulia mbele aliitwa kirangozi. Huyu hakuwa bwana wa kubebwa kwa machela. Alikuwa mpagazi kama wenzake, naye alipewa kutangulia kwa sababu alikwisha kuipita njia ile, akavijua visima vyake na hatari zake. Neno hilo ni ndugu ya neno kiongozi tulitumialo leo. Kwa watu wa misafara, basi, uongozi ulikuwa jambo la kujifunza safarini.

Nayakumbusha haya kwa ajili ya afya ya umma. Mnamo Oktoba 2023, Kenya ilipata sheria nne mpya za afya. Mojawapo inaziruhusu hospitali, vituo vya afya na zahanati za umma kubaki na fedha zinazokusanya ili kuboresha huduma. Ni jambo jema. Hata hivyo, muuguzi asimamiaye zahanati, ambaye alisomea kuzalisha, kuchanja na kuuguza, sasa hana budi kupanga bajeti, kuagiza dawa kabla hazijaisha, kuongoza vikao na kusuluhisha ugomvi wa wafanyakazi. Ni nani aliyemfunza hayo?

Mara nyingi huitwa kwenye semina ya siku tatu hotelini. Hurudi na cheti na mkoba mpya, akaikuta rafu ya dawa i tupu vile vile.

Tutazame Kimbo, kando ya barabara kuu ya Thika. Sensa ya 2019 iliuhesabia mji wa Ruiru watu 490,120, ukawa wa nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Kimbo ni mtaa wa wapangaji. Watu huhamia na kuhama. Asimamiaye chanjo mahali kama hapa hawezi kutegemea orodha ya mwaka jana. Ni lazima ajue mama aliyehamia juzi yumo katika ploti gani. Maarifa hayo hayamo katika semina yoyote. Anayo mhudumu wa afya ya jamii apitaye nyumba kwa nyumba, mmoja wa wale 100,000 ambao serikali ilianza kuwapa vifaa mwaka wa 2023, kila mmoja akitarajiwa kuhudumia takriban kaya 100.

Pendekezo langu ni jepesi. Kila wiki, wafanyakazi wa kituo na wahudumu hawa waketi saa moja na daftari zao wenyewe. Wachague tatizo moja, kwa mfano watoto waliochanjwa wakiwa na wiki 6 lakini wasirudi wakiwa na wiki 14. Watafute chanzo, wajaribu dawa yake, kisha wahesabu tena baada ya mwezi. Uenyekiti uzunguke, na afisa wa kaunti aje kama mlezi, si kama askari.

Wapo watakaosema kwamba wauguzi ni wachache na foleni ni ndefu. Hoja hiyo ina uzito. Kujifunza kazini kusiwe kisingizio cha kutoajiri. Mwaka wa 2017 wauguzi waligoma kwa takriban miezi mitano, na hakuna ustadi wa msimamizi wa zahanati ambao ungeumaliza mgogoro ule. Tena, mtu akiachwa peke yake bila mlezi, hurithi makosa ya aliyemtangulia na kuyaita uzoefu.

Walimu mnalifahamu jambo hili kuliko wengi. Hakuna chuo cha ualimu kinachomtuma mwanafunzi darasani bila kwanza kumpeleka mazoezini, mkufunzi wake akiwa ameketi nyuma. Wahenga walinena kuwa elimu bila amali ni kama nta bila asali. Serikali za kaunti na zitenge sehemu ya fedha za semina ili ziwalipe walezi watakaokwenda zahanatini. Huko ndiko waliko wagonjwa, na huko ndiko kiongozi atakakopimwa.