Ukali wa kilebu si sifa, ni hatari nyumbani

Ukitembea katika mitaa ya Nairobi, Nakuru au Mombasa utayaona malango mengi yaliyoandikwa 'Mbwa Kali'. Maneno hayo yamekuwa kama sifa ya boma. Kwa kuhofia wezi, watu wengi hununua watoto wa mbwa wa kazi, kama vile German Shepherd na Rottweiler. Kilebu anapoanza kumngurumia mgeni au kumrukia mtoto wa jirani, mwenye nyumba hufurahi na kusema, "Huyu atakuwa mbwa wa maana!"

Msomaji, maoni yangu ni kwamba furaha hiyo haina msingi. Kilebu wa miezi mitatu anayetaka kumng'ata kila mgeni si shujaa. Aghalabu ni mwoga. Mbwa mwoga akishafikisha uzani wa kilo 40, anayeumia kwanza si mwizi, bali ni mtoto wa nyumba hiyo, mfanyakazi wa nyumbani, au jirani aliyekuja kuomba chumvi.

Woga huu una chanzo chake. Wataalamu wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1965 kwamba mtoto wa mbwa ana kipindi maalum cha kuizoea dunia, yaani kati ya wiki ya 3 na wiki ya 12 hivi. Anachokutana nacho kwa amani wakati huo hukiona ni cha kawaida. Asichokiona, baadaye hukiogopa. Basi kilebu aliyefungiwa kibandani tangu aletwe, asione ila bawabu na sahani ya ugali, akifunguliwa akiwa na miezi mitano kila kitu kwake huwa adui: mwendesha bodaboda mwenye kofia, mama mwenye mwavuli, watoto wanaokimbia wakitoka shule.

Isitoshe, mbwa hawa hawakuumbiwa kufungwa. German Shepherd ni mbwa wa kuchunga kondoo, aliyeanza kusajiliwa Ujerumani mwaka 1899 na Max von Stephanitz. Rottweiler naye, aliyepewa jina la mji wa Rottweil huko huko Ujerumani, aliswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wauza nyama. Hao ni mbwa wa kushinda na binadamu na kupokea amri zake. Kumtia mbwa kama huyo mnyororo mchana kutwa ni sawa na kumfungia chumbani kijana mwenye nguvu zake. Siku akitoka, nyote mtajua.

Wapo wanaozidisha. Humchokoza kilebu kwa fimbo, humlisha pilipili, au humwambia bawabu amtishe ili awe mkali. Kufanya hivyo ni kumfundisha kwamba mkono wa binadamu ni kitu cha kupigana nacho. Usitegemee mbwa akariri kuwa mkono wa bawabu ni adui na mkono wa mwanao ni rafiki.

Je, ufanye nini? Kwanza, usimnunue kilebu aliyeachishwa mapema. Mwache kwa mama yake hadi atimize wiki 8, kwani ni kwa kucheza na ndugu zake ndipo anapojifunza kupima nguvu za meno yake.

Pili, akifika nyumbani, mwonyeshe watu. Waje wazee, watoto, wanaume wenye ndevu, muuza maziwa. Kila mmoja ampe kipande kidogo cha chakula kisha amwache, bila kumkimbilia wala kumlazimisha. Chanjo zake zikiwa bado hazijakamilika, usimshushe mahali wanapozurura mbwa wengine, maana ugonjwa wa parvo huua. Lakini waweza kumbeba mikononi hadi kando ya barabara ayasikie matatu na kelele za watu. Daktari wa mifugo atakueleza ni lini anaweza kutembea chini.

Tatu, aking'ata mkono katika mchezo, usimpige. Simamisha mchezo papo hapo, umpe mgongo kwa muda mfupi, kisha umpe kitu cha kutafuna. Watu wote wa nyumbani wafuate kanuni hiyo hiyo. Baba akikataza na kaka akichekelea, kilebu hatajifunza lolote.

Nne, usimwadhibu kwa kunguruma. Kunguruma ni onyo. Mbwa anayepigwa kila angurumapo hujifunza kunyamaza, na siku moja atang'ata bila kutoa ishara. Tafuta kinachomsumbua. Ikiwa analinda sahani yake, mtu mzima aizoee kupita karibu na kumrushia kipande kitamu, hadi mbwa afurahie kuona mtu akija. Watoto wasimkaribie kamwe anapokula au kulala.

Tano, mpe kazi. Mfundishe kukaa, kuja akiitwa na kutembea kwa kamba, dakika tano tano mara kadhaa kwa siku, na umtuze akitii. Ikiwa tayari ameng'ata mtu, usijaribu bahati. Mtenge na watoto na umwone daktari wa mifugo, kwa sababu huenda pia ana maumivu yaliyofichika.

Najua utauliza, "Na mwizi je?" Tazama mbwa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) wanaonusa pembe za ndovu katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Hupita kati ya abiria na mizigo yao bila kumrukia mtu. Hao ndio mbwa wa kazi kweli, na utulivu ndio unaowafaa. Mbwa aliyelelewa vizuri hujua nani wa nyumbani na nani si wa nyumbani, na atabweka usiku akisikia mguu asioujua. Mbwa anayebwekea kila kitu hana habari anayokupa.

Jambo hili ni la afya yetu pia. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na karibu visa vyote hutokana na mbwa. Watoto ni sehemu kubwa ya waathiriwa. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo hivyo kufikia mwaka 2030, nayo njia kuu ni chanjo ya mbwa. Lakini mbwa asiyeshikika hata na mwenyewe atapelekwaje kwenye chanjo? Hapo ndipo malezi na kinga hukutana. Kilebu apewe chanjo hiyo akitimiza miezi mitatu, kisha irudiwe kila mwaka.

Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo. Asipake mafuta ya taa wala pilipili, na asingoje dalili. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Samaki mkunje angali mbichi. Kabla ya kununua kilebu wa kazi, jiulize ikiwa una muda wa kumlea kila siku, si wa kumtazama tu dirishani. Ikiwa huna, ni afadhali ununue kufuli nzuri. Kufuli haitamng'ata mtoto wa mtu.