Nyonga Nayo Imepasuliwa

Toleo hili linahusu mifupa iliyogoma kuunga, na karibu kila makala humu inafikia hatua moja: daktari anachukua mfupa kwenye nyonga ya mgonjwa na kuupandikiza palipovunjika. Sina ugomvi na tiba hiyo. Mfupa wa mtu mwenyewe una seli hai na vichocheo vya ukuaji, mwili hauukatai, wala haununuliwi, jambo lenye uzito mkubwa kwa hospitali isiyo na benki ya mifupa. Ninachopinga ni mazoea yetu ya kuihesabu nyonga kama ghala la kuchotea tu.

Kijana wa bodaboda aliyewekewa chuma kwenye muundi, miezi ikapita mfupa usiunge, anapewa fomu ya ridhaa inayotaja mguu wake. Akizinduka anakuta majeraha mawili, na la nyonga ndilo linalomnyima usingizi. Je, alikubali nini hasa?

Hatari zenyewe tunazijua siku nyingi. Mwaka 1989 watafiti Younger na Chapman walichapisha mapitio ya mapandikizi 243: madhara makubwa yalitokea katika asilimia 8.6, na madogo katika asilimia 20.6. Katika hayo makubwa kulikuwa na maambukizi, damu kuvilia, kurudishwa chumba cha upasuaji na maumivu ya zaidi ya miezi 6.

Mengi yanategemea mahali patasi inapowekwa. Kwa mbele, neva inayohudumia ngozi ya upande wa nje wa paja hupita karibu na ncha ya nyonga. Ikikatwa, au ikivutwa mno wakati jeraha linapanuliwa, paja hufa ganzi au huwaka kama limepakwa pilipili. Ukichukua mfupa karibu sana na ncha hiyo, misuli inayoshikilia pale inaweza kuing'oa mgonjwa anapoanza kutembea. Kwa hiyo tunafundishwa kuanza walau sentimita 3 nyuma yake. Kwa nyuma, mkato unaokwenda zaidi ya sentimita 8 kando ya ncha ya nyuma ya nyonga unaingia katika njia ya neva za ngozi ya makalio. Chini zaidi kuna ateri ya makalio, ambayo ikikatwa hurudi ndani ya fupanyonga, na kuifikia ili kuifunga ni kazi ngumu. Pande zote mbili za ukingo wa nyonga zikiondolewa, utumbo unaweza kupenya kwenye pengo hilo na kuwa ngiri.

Pamoja na yote hayo, ni kawaida nyonga kuachiwa daktari aliye mafunzoni, mara nyingine bila msimamizi pembeni, huku bingwa akihangaika na mguu. Naona hilo ni kosa.

Kosa la pili liko kliniki. Eksirei ya muundi inainuliwa kwenye mwanga, kila mtu anafurahi kwamba mfupa umeunga, na mgonjwa anaruhusiwa. Mama anayefunga khanga kiunoni, fundo likikaa juu ya kovu lile lile kila siku, haulizwi kitu. Naye hasemi, kwa kuwa alikuja kwa ajili ya mguu, na mguu umepona.

Njia nyingine zipo: kuchota uboho ndani ya mfupa wa paja kwa mashine maalumu, mifupa ya wafadhili, vijazo vya kalsiamu. Zina gharama na kasoro zake, na kwa wengi wetu nyonga itaendelea kutumika. Basi itumike kwa heshima. Ukihitaji mfupa kidogo tu, tafuta kwanza karibu na jeraha ulilokwisha kulifungua. Nyonga iandikwe peke yake kwenye fomu ya ridhaa, na mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa. Kila anaporudi kliniki aulizwe kama nyonga inauma, na kama paja lina ganzi.

Kwa upande wetu, kuanzia toleo lijalo, makala yoyote ya upandikizaji isiyoeleza hali ya nyonga baada ya upasuaji itarudishwa kwa mwandishi.