Nyumba ya Kale Haisimamishwi na Sheria Pekee

Zikitajwa nyumba za kale za Kenya, sisi watu wa mwambao hukumbuka Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa. Ni wachache watakaoikumbuka Kitale. Hata hivyo, huko bara liko jambo linalotufaa tulitazame.

Mnamo mwaka 1926 mlowezi wa Kiingereza, Luteni Kanali Hugh Stoneham, alianzisha makumbusho yake mwenyewe huko Kitale, akakusanya wadudu, ndege, wanyama na vitabu. Alipofariki mwaka 1966 alikuwa amekwisha andika wasia: vitu vyote viwe mali ya taifa, na pamoja navyo akaacha fedha za kujengea jumba jipya. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1974, na leo limo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Uwanjani mwake zimejengwa nyumba za kienyeji, zikiwemo za Wabukusu wa Bungoma. Nyumba za udongo na nyasi hazivumilii mvua nyingi; husimama maadamu upo mkono wa kukandika na lipo fungu la kuulipa.

Huko Bungoma kwenyewe, karibu na Webuye, kuna boma la Chetambe, ambako Wabukusu walipambana na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Boma la udongo halina mlango wa kufungwa. Handaki lake likilimwa, ushahidi umekwisha.

Sasa turudi kwetu. Lamu iliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, na sheria ya mwaka 2006 inakataza kubomoa jengo lililohifadhiwa. Sheria hiyo ni njema, lakini kazi yake ni kukataza. Haikorogi chokaa wala hainunui boriti.

Mwenye nyumba anapofariki, nyumba hugawanywa kwa mirathi, na hiyo ni haki aliyoiamrisha Mwenyezi Mungu. Baada ya vizazi viwili wenye mafungu huwa ishirini: huyu yuko Mombasa, yule Unguja, mwingine Arabuni. Kila mmoja ana fungu lake, wala hapana apelekaye fundi. Dari huvuja, boriti huoza, na siku anapotokea mnunuzi mwenye fedha taslimu, wote hukubaliana kwa mara ya kwanza.

Je, hatuna dawa? Tunayo tangu zamani. Wazee wetu walipojenga msikiti waliuwekea na shamba la minazi la wakfu, ili mazao yake yalipe mafuta ya taa na matengenezo. Walijua kwamba jengo bila pato ni mzigo. Mwenye nyumba ya mawe aliye hai leo anaweza kuiweka wakfu, isiuzwe wala isirithiwe, na kodi ya vyumba vya chini itengeneze paa la juu.

Stoneham aliacha vitu na fedha pamoja. Sisi tunaacha kuta, kisha tunalaumu Serikali zinapoanguka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa matumbawe uliokwisha anguka, ni nani leo atakayeujenga tena?