Ati "Hayo Ni ya Wanasiasa"?

 

Nianze na Midrand, maana wengi wetu tunaipita tu ndani ya Gautrain tukienda Pretoria. Kwa aliye mbali, Midrand iko katikati ya Johannesburg na Pretoria, na zamani sehemu hii ilijulikana kama Halfway House, yaani kituo cha nusu ya njia. Leo ndipo lilipo Bunge la Afrika, lililohamia hapa mwaka 2004 likiongozwa na Rais wake wa kwanza, Mama yetu Gertrude Mongella wa Ukerewe. Ndipo ilipo NEPAD. Ndiyo makao makuu ya Vodacom, ambayo mwaka 2017 ilichukua asilimia 35 ya hisa za Safaricom. Kwa hiyo ukimtumia mama pesa kwa simu, awe Mwanza au Kisumu, kuna senti inayopitia huku. Midrand inatuhusu, tusijidanganye.

Na Midrand ni mji wa mikutano. Kila mwezi vigogo wa biashara wanashuka na suti zao, wanajadili Afrika, wanakula, wanaondoka.

Mwaka 2023, ule mwaka ambao mgawo wa umeme hapa Afrika Kusini ulizidi siku 300, nilipata kibarua cha siku mbili cha kufunga spika na projekta kwenye mkutano wa aina hiyo. Nasomea uhandisi wa umeme, shahada ya uzamili, kwa hiyo nilikaa nyuma na nyaya zangu nikasikia yote. Waliongea vizuri, siwezi kudanganya. Foleni za malori mpaka wa Beitbridge, kodi zinazobadilika kila bajeti, umeme usioaminika. Na muda wote huo jenereta linanguruma nje kama vile nalo limealikwa kuchangia mada.

Wakati wa chai nikamfuata mzee mmoja, mkuu wa kampuni ya kwetu Afrika Mashariki. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akafurahi kweli kusikia Kiswahili. Nikamuuliza mbona siku nzima hakuna aliyegusia habari ya wageni kupigwa na kuchomewa maduka katika nchi hii hii. Akatabasamu, akanigusa bega. "Kijana, hayo ni ya wanasiasa. Sisi tunajadili biashara."

Nilinyamaza. Nilikuwa nahitaji ule mshiko wa siku ya pili. Na niseme ukweli wote: nilikuwa na wasifu wangu kwenye begi, nikataka kumpa. Nikampa. Jibu ambalo sikumpa mzee siku ile ndilo ninalowaandikia leo.

Tuanze na nyumbani. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,000 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Hayo ni ya wanasiasa, siyo? Lakini Januari 2008 reli ilipong'olewa pale Kibera na barabara ya kwenda Malaba kufungwa, mafuta yalikosekana Kampala na Kigali. Mwenye duka Kampala hakupiga kura Kenya, ila bei ya petroli ilimkuta. Ndipo wenye makampuni wa Kenya, kupitia muungano wao wa KEPSA ulioundwa 2003, wakasema hadharani kwamba viongozi wakae mezani. Mapatano yalitiwa saini Februari 28, 2008 chini ya usuluhishi wa Kofi Annan. Sisemi wafanyabiashara ndio waliyoleta. Nasema walielewa kwamba hakuna biashara upande huu na siasa upande ule. Ubaya ni kwamba walielewa baada ya moto kuwaka.

Sasa njoo huku tuliko. Mei 2008 mashambulizi dhidi ya wageni yalianzia Alexandra, mwendo wa teksi tu kutoka Midrand, na kabla hayajatulia watu zaidi ya 60 walikuwa wamekufa. Yakarudi 2015. Yakarudi tena Septemba 2019, na safari hiyo yalikuta Kongamano la Uchumi Duniani kwa Afrika linafanyika Cape Town, Septemba 4 hadi 6. Nigeria ikajitoa kwenye kongamano. Kule Lagos watu wenye hasira wakavamia maduka ya Shoprite, na MTN ikalazimika kufunga maduka yake Nigeria kwa muda. Mzee wangu, biashara gani tena unayotaka uharibikiwe ndipo ujue kwamba jambo hili linakuhusu?

Na si vurugu tu. Biashara chini ya Eneo Huru la Biashara la Afrika ilianza rasmi Januari 1, 2021, na kila mkutano wa Midrand unaisifia. Lakini itifaki ya watu kutembea huru barani, iliyopitishwa 2018, imeridhiwa na nchi za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Katika zile za kwetu ni Rwanda peke yake. Maana yake katoni ya sabuni ina haki ya kuvuka mpaka kuliko aliyeitengeneza. Wakenya wanakumbuka: hadi mwisho wa 2022 walihangaika na viza ya kuja huku, wakati Msauzi anaingia Nairobi bila shida. Kilichomaliza kero hiyo ni marais wawili, Ruto na Ramaphosa, kukubaliana Nairobi Novemba 2022. Hiyo nayo ni siasa, na waliofaidi wa kwanza ni wafanyabiashara.

Jambo la pili ni nani anakaa kwenye viti vya mbele. Tanzania tuna Baraza la Taifa la Biashara tangu 2001, na mwenyekiti wake ni Rais. Ni jambo jema, lakini jamani, mbele ya Rais nani atasema kero zote? Wakubwa wana mengi ya kupoteza, wanasema kwa mafumbo. Juni 7, 2019 Rais Magufuli alipoita wafanyabiashara Ikulu, watano kutoka kila wilaya, mambo yalikuwa tofauti. Watu wa wilayani walishika maiki wakaeleza wanavyosumbuliwa na watoza kodi, nchi nzima ikisikiliza. Kesho yake waziri wa viwanda na biashara na kamishna mkuu wa TRA wakaondolewa. Mimi si shabiki wa kufukuza watu kama dawa ya kila ugonjwa. Na kweli ugonjwa haukupona: Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa kero zile zile, Waziri Mkuu Majaliwa akaenda kuwasikiliza Mnazi Mmoja, na Juni 2024 wakafunga tena. Ila somo lipo. Ukweli wa uchumi wetu uko kwa mwenye fremu Kariakoo na kwa mama anayepanda basi kutoka Dar, Tunduma hadi Johannesburg kufuata mzigo. Kule Midrand sikumwona mama huyo. Niliona kina mama wakigawa chai.

Najua wenzangu wengine watapinga. Watasema mkuu wa kampuni hakuchaguliwa na mtu, tukimfungulia mlango wa siasa atanunua wabunge. Hoja hiyo ni nzito na siidharau. Lakini mlango huo uko wazi siku nyingi. Vyama vyetu vinachangiwa na nani wakati wa uchaguzi? Misamaha ya kodi inaombwa wapi? Wenye fedha wamo kwenye siasa, ila wanaongea kwa kunong'ona, sebuleni. Ninachotaka ni waongee kwenye maiki, ili tuwasikie na sisi tuwajibu. Anayenong'ona hawezi kubanwa kesho kwa alichosema jana.

Basi sisi wanafunzi tufanye nini? Nina mambo matatu.

Kwanza, tuache kualikwa kama mapambo. Chama chetu kikiombwa vijana wa kupokea wageni na kugawa vitambulisho, tukubali kwa sharti moja: nafasi ya maswali mawili kutoka kwa wanafunzi.

Pili, tudai kumbukumbu. Katika fani yangu mtambo usioleta taarifa ya kilichotokea baada ya kuwashwa ni hatari, unauzima. Mkutano ukiisha, waseme waliahidi nini, na mwaka unaofuata waanze kwa kusoma ahadi hizo. Hata Bunge la Afrika hapa Midrand, baada ya miaka zaidi ya 20, bado ni la kushauri tu, kwa sababu itifaki ya 2014 ya kulipa meno haijaridhiwa na nchi za kutosha. Maneno bila ufuatiliaji yanaishia kituo cha nusu ya njia.

Tatu, na hili ndilo gumu, tujiangalie wenyewe. Miaka 15 ijayo baadhi yetu tutakuwa kwenye viti vile vya mbele. Yule mzee naye aliwahi kuwa mwanafunzi mwenye wasifu kwenye begi, na sidhani alizaliwa akisema "hayo ni ya wanasiasa." Alijifunza kidogo kidogo, kila alipouliza swali moja kisha akanyamaza ili asikose kazi. Mimi nilichukua somo langu la kwanza siku ile wakati wa chai.

Mzee hajanipigia simu hadi leo. Akipiga, nitaenda kwenye usaili, njaa haina aibu. Lakini swali langu nitaliuliza tena, na safari hii nitasubiri jibu.

Naomba kuwasilisha.