Mzee Kakungulu na Nyika Yake

Katika Kwapa, huku mpakani baina ya Tororo na Busia, wazee wa Kiteso hukumbukwa penye mtungi wa ajono. Mirija mirefu huzamishwa katika mtungi mmoja, na maneno huzunguka pamoja na kinywaji: jinsi marehemu alivyovuka mto Malaba usiku akifuata ng'ombe walioibwa, jinsi alivyolala mwituni siku tatu kwa ajili ya mnyama mmoja, jinsi alivyochukia kuta za nyumba. Sisi tulio katika majeshi twawajua wazee wa namna hiyo, maana wengi wetu ni wajukuu wao. Baadhi yao walivaa sare za Keya wakafika hadi Burma katika Vita Kuu ya Pili, wakarudi na kuishi kama kwamba kambi ingali ikiwangojea.

Yuko mzee mmoja wa namna hiyo ambaye nyumba yake ilikuwa jimbo zima. Huyo ni Semei Kakungulu. Askari wetu wengi hupenda kumtaja kama mfano wa ushujaa, nasi hatuwalaumu. Hata hivyo twaona kwamba hutajwa nusu tu, na ile nusu isiyotajwa ndiyo inayomhusu zaidi askari aliyepangwa kulinda mpaka huu.

Alilelewa Koki, akaingia Buganda akiwa kijana, na sifa yake ya kwanza haikuwa ya vita bali ya uwindaji. Aliwinda tembo. Yafaa askari wa leo afikiri maana yake. Mwindaji wa tembo wa wakati ule alikuwa hana budi kujua upepo, maji, nyayo na subira, na kuongoza watu wenye njaa mahali pasipo njia. Tena pembe zilinunua bunduki. Kwa hiyo vita vya dini vilipozuka Buganda kati ya 1888 na 1890, mwindaji huyo alikuwa tayari amekuwa jemadari kabla ya kupewa cheo. Alishindana na Apolo Kagwa, Katikiro, na mashindano hayo yakamsukuma atoke katika jumba la mfalme. Akaelekea mashariki, penye maji na matete.

Mwezi wa Aprili 1899 alikuwa miongoni mwa waliowakamata Kabaka Mwanga na Mukama Kabalega katika nchi ya Lango. Kisha akavuka Kyoga, akajenga ngome moja baada ya nyingine, hata akafika Budaka mwaka 1901. (Afisa yeyote aliyewahi kuongoza doria katika matete ya Kyoga wakati wa masika atakubali kwamba safari hiyo peke yake ni kazi ya mtu mzima.) Alipofungua kambi hakujenga ngome tu. Alikata barabara pana, akapanda migomba, akapanda miti kando ya njia. Mji wa Mbale ulichipuka katika kambi yake, na wafanyabiashara wakaifuata migomba ile.

Hapo ndipo simulizi la kambini hukoma kwa kawaida. Lakini nyika ile haikuwa tupu. Barabara zilikatwa na wenyeji kwa kulazimishwa, na chakula cha majeshi yake kilitoka katika maghala na mazizi ya watu wa Bukedi na Teso. Waingereza waliupenda mtindo wake kuliko walivyompenda yeye mwenyewe. Wakauchukua, na mawakala wa Kiganda wakatawala kwa jina la Serikali ya kikoloni hata huku Tororo, wakikusanya kodi na kuamuru kwa lugha ambayo wengi hawakuielewa. Mzee wa Kwapa asikiapo jina la Kakungulu hakumbuki tembo wala ujasiri. Hukumbuka aliyosimuliwa na baba yake juu ya wakala mwenye fimbo. Kumbukumbu hizo mbili ni za kweli zote mbili, na askari anayeijua moja tu hatafahamu kwa nini mwananchi hunyamaza ghafla aonapo sare.

Mwaka 1902 unastahili kutazamwa peke yake. Tarehe 1 Aprili mwaka huo Waingereza walilikata Jimbo la Mashariki la Uganda wakalitia katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Wateso wa Amukura na Chakol wakajikuta nchi moja, ndugu zao wa Kwapa nchi nyingine, pasipo yeyote kuulizwa. Mwaka ule ule Kakungulu naye, aliyetumaini kuwa mfalme wa Bukedi, aliondolewa Budaka akapewa maili za mraba 20 huko Mbale. Mtu aliyewahamisha wengine akahamishwa kwa kalamu. Baadaye, 1906, alipelekwa Jinja kuongoza Lukiko ya Busoga, akakaa huko hata 1913. Twadhani meza na karatasi zilimwumiza kuliko risasi.

Uzee wake haukuwa wa kawaida. Aliwakasirikia Waingereza, akajiunga na madhehebu ya Malaki yaliyokataa dawa za hospitali, kisha mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe, akaanza kuishika Torati. Jamaa yake na wafuasi wake wakawa Abayudaya, ambao wangali wanaishi karibu na Mbale. Chini ya utawala wa Idi Amin, 1971 hadi 1979, ibada yao ilipigwa marufuku, wakasali kwa siri. Waliotumwa kutekeleza amri za namna hiyo walikuwa watu wenye sare. Twalisema hili kwa kuwa anayejigamba kwa jina la jemadari Kakungulu hana haki ya kuisahau nyumba aliyoiacha.

Alifariki tarehe 24 Novemba 1928. Jiwe la kaburi lake lamtaja kuwa jemadari mshindi aliyelitawala Jimbo la Mashariki. Halisemi neno juu ya migomba wala miti, wala juu ya waliozibeba pembe.

Pendekezo letu ni dogo. Kikosi kipya cha askari au polisi kinapopangwa Malaba au Busia, siku moja ya mafunzo itengwe, waalikwe wazee wa Kwapa waeleze habari za enzi za mawakala kama walivyozipokea, na afisa asiwakatize. Tangu Februari 2018 kituo cha Busia kina huduma za pamoja, na msafiri hukaguliwa mara moja tu badala ya mara mbili, jambo jema kabisa. Lakini njia za miguu katika mashamba ya Kwapa hazina kituo, na huko askari hukutana na mwananchi wakiwa wawili tu. Wazee waliozisikia habari hizo kutoka vinywani mwa baba zao wamebaki wachache.