"TUMEYAMALIZA NYUMBANI" (sehemu ya 3)

Haya mama zangu, tuendelee tulipoishia jana. Wengi mmeniuliza inboksi: "Nesi, kama familia zimeshapatana, serikali inataka nini tena?" Leo najibu, na nina hasira kidogo, mnisamehe.

Huku kwetu msimu wa korosho ndio msimu wa kupatana. Hela ya mnada ikiingia, kesi iliyokuwa inasuasua tangu masika inapata dawa. Iwe Nachingwea iwe Ruangwa, ni yaleyale: wazee wanakaa chini ya mwembe, baba anahesabu noti, wanasaini karatasi ya daftari, basi. Siku ya kesi shahidi haonekani. Inaahirishwa. Inaahirishwa tena. Mwisho mwendesha mashtaka anaiondoa, au hakimu anasema ushahidi hakuna, na mtu anarudi kijijini kupiga stori kijiweni.

Nisieleweke vibaya, usuluhishi upo kisheria. Mmezabana vibao na jirani kisimani? Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu hakimu kuwapatanisha watu kwenye shambulio la kawaida na mambo binafsi yasiyo makubwa. Hata mimi ningewaambia mpatane, kesi za hivyo zinamaliza nauli bure.

Ila kumwingilia mtoto sio ugomvi wa kisimani jamani! Binti wa chini ya miaka 18, awe amekubali au hajakubali, ni ubakaji (aliyeolewa sheria imemwachia mwanya, huo nitauzungumza kesho). Mtu mzima akipatikana na hatia, kifungo hakipungui miaka 30. Kumpa mimba mwanafunzi nako, tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, ni miaka 30.

Angalia jalada la kesi limeandikwaje: Jamhuri dhidi ya fulani. Sio Mama Fulani dhidi ya shemeji yake. Wewe ni shahidi tu, sasa unauzaje mbuzi asiye wako? Tena kupokea chochote ili ufiche kosa kubwa au ukatishe mashtaka ni jinai kwa anayepokea. Wale wazee wa chini ya mwembe hilo hawakwambii.

Niliwahi kumpokea mtoto wa darasa la sita, usiku, mama yake kamfunga khanga yake mwenyewe. Tukampa dawa, daktari akajaza PF3, mkono wangu hakuuachia mpaka alfajiri. Miezi ikapita. Nikakutana na mama yule sokoni, akawa anaangalia nyanya, mimi haniangalii. "Tuliyamaliza, nesi. Walitoa hela ya bati."

Bati nimeliona, linang'aa kweli. Na mtoto anapita mbele ya nyumba ya yule mtu kila akienda kuchota maji.

Simlaumu peke yake. Mtuhumiwa ni ndugu wa mume, mume katishia kumrudisha kwao, na nauli ya mahakamani ameitafuta mara nne kesi inaahirishwa tu. Lawama nyingine ni yenu mnaoandika "shahidi hapatikani" na kwao mnapajua. Shahidi anaitwa kwa samansi, na akikaidi mahakama ina hati ya kumleta. Mbona mwizi wa kuku mashahidi wake wanapatikana?

Wewe uliyeshapokea na moyo haujatulia: kesi iliyoondolewa kabla mshtakiwa hajaanza kujitetea inaweza kufunguliwa upya. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Ukiogopa kuonekana, piga 116, ni bure.

Na kama limetokea leo, usimwogeshe mtoto. Nguo usifue, weka kwenye mfuko wa karatasi, sio wa nailoni. Mlete hospitali mapema, maana dawa ya kukinga Virusi vya Ukimwi lazima aanze ndani ya saa 72. Ukifika usiku sisi tupo.

Kesho tunaendelea na ule mwanya wa ndoa.